Kutengeneza nakala za amonaiti kwa plasta: mwongozo kwa walimu na vilabu vya sayansi Mwanza

Kila muhula maswali ni yale yale. Mtu kaokota kijiwe chenye mviringo ufukweni Luchelele, anataka kujua kama ni amonaiti, yaani kisukuku (gamba lililogeuka jiwe) cha mnyama wa kale wa baharini. Mwalimu ana darasa la wanafunzi sitini na hana kisukuku hata kimoja cha kuwashikisha. Mwingine kajaribu plasta, ikatoka na matundu kama andazi. Majibu ya wote watatu yako hapa, ila sehemu kubwa ni ya plasta maana kazi yenyewe iko huko.

La kijiwe tulimalize kwanza. Mwanza hakuna amonaiti, na hatapatikana. Mawe haya makubwa yaliyobebana kuanzia Capri Point hadi Kirumba ni itale, mwamba ulioganda kutoka ujiuji wa moto chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita, wakati hakuna mnyama yeyote mwenye gamba aliyekuwepo duniani. Amonaiti walikuwa wa baharini, ndugu wa pweza na ngisi, na walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ziwa nalo ni changa mno, lina miaka kama 400,000 tu, na maji yake ni baridi, si ya chumvi.

Basi watu wanaokota nini? Mara nyingi ni gamba la konokono: bapa, lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa, upana sentimita moja au moja na nusu, rangi ya kahawia, jepesi kiasi cha kupeperushwa na upepo. Ukilitazama haraka kweli linafanana na amonaiti mdogo. Lakini konokono wa umbo hilo ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Usiingie majini kumtafuta, wala usiwatume wanafunzi. Ukitaka gamba la kulinganisha, okota lililokauka juu ya mchanga, mbali na maji. Kingine kinachowapoteza watu ni itale inayobanduka maganda kama kitunguu. Ile ni kazi ya jua na mvua, hakuna mnyama hapo.

## Kwa nini Perisphinctes

Amonaiti wana jenasi (makundi ya spishi zinazokaribiana) nyingi sana, na si zote zinafaa kunakiliwa na mtu anayeanza. Chagua Perisphinctes, aliyeishi miaka milioni 160 hivi iliyopita, zama za Jura. Mizunguko yake imelala wazi, mmoja kando ya mwenzake, na kitovu chake, yaani shimo la katikati, ni kipana na kifupi kwenda chini, kwa hiyo hakiung'ang'anii udongo. Halafu ana mbavu, yaani matuta ya juu ya gamba, zinazoonekana vizuri. Pitisha kidole kutoka kitovuni kwenda nje: utahisi ubavu mmoja unapanda peke yake, ukikaribia ukingo wa nje unagawanyika mara mbili, wakati mwingine tatu, kisha unavuka mgongo kwenda upande wa pili. Hapa na pale utakuta mbonyeo, kama mtu alifunga uzi akaukaza. Mgawanyiko wa mbavu na mibonyeo hiyo ndiyo kipimo cha kazi yako. Nakala isiyoonyesha ubavu unapogawanyika, vunja urudie.

Visukuku vya jenasi hii vinavyouzwa vingi hutoka kusini-magharibi mwa Madagaska. Yuko mwingine wa Madagaska anayeuzwa zaidi, Cleoniceras, aliyepasuliwa katikati na kung'arishwa kama kioo. Ni mzuri kwa kuonyesha vyumba vya ndani, lakini nje karibu ni laini tupu na nakala yake haisomeki.

Nchini mwetu amonaiti wapo pwani. Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, kuna matabaka ya bahari yenye amonaiti katikati ya matabaka ya mifupa. Ukibahatika kufika huko, usigonge jiwe kabla ya kuzungumza na serikali ya kijiji na idara ya serikali inayosimamia mambo ya kale.

Kwa kazi hii azima kisukuku kimoja kizima, ambacho hakijapasuliwa, chenye upana wa sentimita 8 hadi 12. Kabla ya kukiamini kishike: kiwe kizito na baridi kama jiwe, na mbavu zake zisilingane kama meno ya kitana. Zikilingana mno, au ukiona vitundu vidogo vya hewa, kuna mtu kakitangulia na plasta au resini.

## Mahitaji

Vipimo hivi ni vya kisukuku cha sentimita 10.

- Udongo wa mfinyanzi, kilo 2. Udongo mweusi wa mbuga haufai, hupasuka ukianza kukauka.
- Plasta ya Paris, kilo 1 kwa majaribio na nakala za mwanzo.
- Maji safi ya bomba.
- Mizani ya jikoni, au kikombe kimoja utakachopimia kila kitu.
- Bakuli mbili za plastiki laini, zinazokunjika ukizibinya.
- Poda ya mtoto, mafuta ya mgando, sabuni ya maji.
- Brashi mbili ndogo za rangi na mswaki wa zamani.
- Kipande cha ndoo ya plastiki kilichokatwa kuwa mkanda wa upana wa sentimita 6, na mpira wa kukifungia.
- Msasa laini, vijiti vya meno, vanishi.
- Kwa nakala nyingi: mrija mmoja wa silikoni ya kuzibia vioo na madirisha, pakiti ya kornifulawa, na glavu.
- Barakoa. Vumbi la plasta si la kuvuta.

Neno moja kuhusu plasta kabla hujatoa hela. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana unga mweupe wa aina nyingi na muuzaji anaweza kuuita wote jipsam. Ule wa kuzibia maungio ya dari umetiwa vitu vya kuuchelewesha na haufai. Omba kijiko kimoja cha unga, kikoroge na nusu kijiko cha maji, usubiri. Plasta nzuri inashika ndani ya nusu saa, na ukiigusa ina uvuguvugu. Ikibaki uji, au ikiwa na mabonge kabla hata ya kuona maji, imeshakula unyevu dukani. Msimu wa mvua hilo hutokea sana huku ziwani.

## Sehemu ya kwanza: nakala mama

Udongo ukishakuwa tayari, hatua 2 hadi 7 zinaisha asubuhi moja ya Jumamosi.

1. Andaa udongo. Uloweke, uchuje kwa kitambaa cha chandarua kutoa mchanga na mizizi, uache upungue maji, kisha uukande kama unga wa chapati. Umekuwa tayari ukiubonyeza kwa kidole gumba na kidole kikatoka kikavu huku mistari ya ngozi yako imebaki kwenye udongo. Kama mistari ya kidole haionekani, mbavu za amonaiti nazo hazitaonekana. Usiruke kipimo hiki.

2. Tandaza udongo kwenye ubao uwe bapa la sentimita 16 kwa upana na 4 kwa unene. Lainisha juu kwa kisu kilicholowa.

3. Safisha kisukuku, kipake poda. Mswaki mkavu unatosha, na usitumie siki wala ndimu: vingi ni chokaa, na asidi italamba mbavu unazozitaka. Nyunyiza poda ya mtoto, kisha ipangusie kwa brashi hadi ibaki pumzi tu. Poda nyingi hujaza mifereji kati ya mbavu. Mafuta ya mgando usiyapake hapa. Kisukuku ambacho hakijang'arishwa hunywa mafuta na doa halitoki, na kitu chenyewe ni cha kuazima.

4. Bonyeza mara moja, wima. Weka kisukuku katikati na kisukume kwa viganja viwili hadi nusu ya unene wake, yaani hadi kwenye ukingo wa mgongo. Ukivuka hapo udongo utakizunguka na kukishika, na ukikitoa utang'oa kingo za kalibu, yaani umbo la kumiminia plasta. Usikiyumbishe kushoto na kulia. Kukitoa, bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi juu yake, kiinue polepole upande mmoja, kisha vuta juu. Tazama chapa kwa mwanga wa pembeni, tochi ya simu ikilazwa karibu na udongo: kila ubavu utupe kivuli chake. Isipokupendeza, kanda udongo upya. Ni rahisi kurudia sasa kuliko baadaye.

5. Zungushia mkanda wa plastiki kuacha sentimita 2 kila upande wa chapa, uzamishe kidogo udongoni, ufunge na mpira. Ziba nje kwa udongo pasivuje.

6. Changanya plasta. Hapa ndipo nakala nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo twende taratibu.

   Vipimo: maji mililita 150, plasta gramu 225. Bila mizani, kikombe kimoja cha maji kwa vikombe viwili vya unga usioshindiliwa. Weka maji kwanza, unga baadaye. Ukimimina maji juu ya unga, chini hubaki mabonge makavu yenye hewa ndani. Nyunyiza unga kwa mkono, kama unavyotia unga wa ugali wa mwanzo, hadi vifanyike visiwa vidogo juu ya maji. Acha dakika moja unywe maji wenyewe. Kisha koroga polepole dakika moja hivi, kijiko kikigusa chini bila kuinuka juu ya uji, maana kila kinapoinuka kinashuka na hewa. Unataka uzito wa mtindi. Gonga bakuli mezani mara ishirini na utaona mapovu yakipanda.

   Usikoroge tena ili kulainisha. Kadiri unavyokoroga ndivyo inavyowahi kushika. Bakuli lenye mabaki ya plasta ya awali hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana orodha ina bakuli mbili.

7. Mimina kwa tabaka mbili. Kwanza chota kidogo kwa brashi iliyolowa, upake chapa yote ukigongagonga nywele za brashi kwenye mifereji ya mbavu. Tabaka hili la milimita mbili ndilo litakaloonekana maisha yote. Kisha mimina kilichobaki kutoka pembeni, kitambae chenyewe kufunika chapa, hadi kipite juu yake kwa sentimita moja. Tikisa ubao kidogo, uache.

   Plasta itapata joto, halafu itapoa. Ikipoa ndipo uiguse, kawaida ni baada ya dakika 45 hadi saa moja. Mtoto asizamishe mkono kwenye plasta inayoshika, hata kwa mchezo wa kupiga chapa ya kiganja. Rundo kubwa la plasta hupata joto la kuunguza, na mkono ulionaswa hautoki.

8. Bandua. Fungua mkanda, geuza, vua udongo. Usivute plasta. Udongo uliobaki kwenye mbavu utolewe kwa maji na mswaki laini, siku hiyo hiyo. Kalibu ya udongo huishia hapo, nakala moja tu, ukibahatika mbili.

9. Rekebisha na kausha. Vinundu vya hewa ving'oe kwa kijiti cha meno wakati plasta bado mbichi. Vitundu vijaze kwa plasta nyepesi, ila lowesha mahali hapo kwanza, la sivyo kiraka kitanyonywa maji na kudondoka. Weka nakala juu ya vijiti viwili kivulini penye upepo kwa siku tano hadi saba. Usiipeleke kwenye jiko la mkaa ili iwahi: joto kali huitoa plasta maji yake ya ndani na kuirudisha unga. Imekauka ukiiweka shavuni na isikupe ubaridi.

10. Paka vanishi mara mbili, nyembamba, ukingoje saa kadhaa katikati. Hii sasa ni nakala mama. Rudisha kisukuku kwa mwenyewe, kazi yake imeisha.

## Sehemu ya pili: kalibu ya silikoni

Wengi hutaka kupaka silikoni moja kwa moja kwenye kisukuku. Msifanye hivyo. Silikoni ya kawaida ya madirisha hutoa harufu ya siki inaposhika, na ile ni asidi ya siki kweli. Juu ya chokaa iliyong'arishwa inaacha ukungu usiofutika. Nakala mama yenye vanishi haina shida hiyo, na ikiharibika umepoteza plasta ya gramu 225 tu.

11. Paka nakala mama mafuta ya mgando, membamba kabisa, kwa brashi. Yakijaa kwenye mifereji, yapashe moto kwa kuiweka juani dakika tano uyafute.

12. Fungua madirisha. Kamua silikoni kiasi cha vijiko vitatu, utandaze kwa kidole kilicholoweshwa sabuni ya maji, ukisukuma ndani ya kila mfereji. Tabaka la milimita moja au mbili. Subiri saa mbili. Kagua mrija kabla: kiziba nyufa kinachooshwa kwa maji si silikoni, hakitafaa.

13. Changanya silikoni iliyobaki na kornifulawa, vipimo viwili kwa kimoja, ukikanda kwa glavu hadi iwe donge lisilonata. Unga huu unasaidia ishike yote kwa pamoja. Bila huo, silikoni nene hushika ngozi ya juu na kubaki uji ndani siku nzima na zaidi. Una dakika chache tu, usianze huku simu inaita. Bandika donge juu ya tabaka la kwanza, unene wa sentimita moja, na usawazishe juu kuwa bapa.

14. Acha usiku kucha. Asubuhi, kabla hujaibandua, mimina plasta juu yake iwe kama kitanda cha kuilalia. Bila kitanda hicho kalibu hupinda, na amonaiti wako wote watatoka na umbo la yai.

15. Sasa mimina nakala kwa namna ya hatua ya 6 na 7. Silikoni haihitaji mafuta. Plasta ikishapoa, ondoa kitanda, kunja silikoni kwa nje kama unavyogeuza soksi, nakala itaruka yenyewe. Kalibu moja iliyotunzwa mbali na jua itakupa nakala za darasa zima.

## Rangi na maandishi

Nakala nyeupe haionyeshi mbavu vizuri. Chai kavu iliyochemshwa ikawa nyeusi, ikipakwa kwenye plasta iliyokauka isiyo na vanishi, inatoa kahawia ya jiwe. Ikikauka, paka udongo mwekundu uliokorogwa mwepesi, subiri dakika, futa juu kwa kitambaa chenye unyevu. Wekundu ubaki mifereji tu. Hapo ndipo mgawanyiko wa mbavu unaruka machoni hata kwa aliyekaa dawati la nyuma. Malizia kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kimoja kwa vitatu.

Kwa nyuma, plasta ikiwa bado mbichi, chonga kwa msumari: NAKALA, Perisphinctes, Jura, kisukuku halisi kilikotoka, na tarehe. Msichukulie hili kwa mzaha. Nakala iliyopakwa rangi vizuri ikitoka shuleni bila neno hilo, ndani ya mwaka mmoja kuna mtu atakuwa anaiuza Makoroboi kama jiwe la dinosaria.

## Ikikataa

Matundu usoni. Hukupaka tabaka la kwanza kwa brashi, au ulimimina katikati ya chapa badala ya pembeni.

Plasta imeshika ndani ya bakuli kabla ya kumimina. Bakuli chafu, maji ya moto, au umekoroga sana. Usiongeze maji. Yataifanya iwe laini lakini haitakuwa ngumu tena kamwe. Tupa, anza upya.

Imekauka lakini inachubuka kwa ukucha. Maji yalizidi, au unga ulikuwa wa zamani. Rudia jaribio la kijiko.

Mbavu hazionekani upande mmoja tu. Kisukuku kilibonyezwa kwa kuegemea. Viganja viwili, uzito sawa.

Udongo umeng'ang'ania mbavu. Ulikuwa na maji mengi, au poda ilisahaulika. Loweka nakala nusu saa, upige mswaki bila kukwangua.

Nakala imevunjika ikitolewa. Nyuma yake ni nyembamba kuliko sentimita moja, au ulikuwa na haraka wakati bado ina joto. Ukitaka iwe imara zaidi kwa mikono ya watoto, zamisha kipande cha chandarua kwenye plasta ya nyuma kabla haijashika.

Madoa ya ukungu baada ya wiki. Ulipaka gundi au vanishi plasta ikiwa bado mbichi. Kwangua, anika, paka tena.

Silikoni inanata hata baada ya siku mbili. Tazama tarehe ya mrija. Uliopitwa na wakati haushiki. Kama tarehe iko sawa, tabaka lilikuwa nene na halikuwa na kornifulawa.

Sinki haipitishi maji. Mtu kaoshea bakuli humo, na plasta hushika hata ndani ya maji. Acha mabaki yakauke kwenye bakuli, libinye, yatadondoka vipandevipande, yaende kwenye taka. Mikono ioshewe kwenye ndoo, na maji ya ndoo yamwagwe shimoni, mbali na mfereji unaoshuka ziwani.